Usiipige Kofi Kibodi: Mwongozo wa Mwenye Kompyuta Inayoganda

Kibodi isiyo na waya ikigoma, watu wengi hufanya mambo manne kwa mpangilio uleule. Kwanza hubonyeza herufi ileile kwa nguvu zaidi. Kisha huigeuza kibodi juu chini na kuitikisa. Halafu huipiga kofi la mgongoni. Mwisho humwita mtoto aliyeonekana karibu na meza na kumhoji alikuwa anagusa nini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotengeneza kibodi, na hilo la mwisho humwonea asiye na hatia.

Kesho yake kompyuta nayo inaganda. Saa ya pembeni ya skrini imesimama, kishale hakiendi, na mwenye mali ameshaamua kwamba mashine imezeeka. Anaanza kuulizia bei ya nyingine. Namsihi asimame kwanza. Kibodi na kompyuta ni vitu viwili, kila kimoja kina sababu zake za kuganda, na nyingi kati ya sababu hizo huondolewa bure au kwa fedha kidogo. Kinachowafilisi watu ni kununua kipya kabla ya kujua kilichoharibika.

Mwongozo huu ni wa kompyuta mpakato yenye Windows, pamoja na kibodi inayotumia kile kipokezi kidogo cha USB ambacho mafundi hukiita risiva. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, utairudia baadaye ukiwa na hasira zaidi.

Hatua ya 1: Ondoa mikono

Kompyuta iliyokwama mara nyingi bado inasikia. Kila unachobonyeza inakipanga kwenye foleni, ikisubiri nafasi ya kukishughulikia. Ukibonyeza Enter mara kumi, ikizinduka itatekeleza Enter zote kumi. Ndivyo barua ya kuomba kazi inavyoondoka ikiwa na salamu peke yake, na ndivyo printa inavyotapika nakala kumi na mbili za hati moja mbele ya bosi.

Kwa hiyo mikono mezani, subiri dakika mbili. Usizipoteze bure dakika hizo, zitumie kuangalia. Saa ya kwenye skrini inasonga? Feni inavuma? Kama kulikuwa na muziki, unaendelea au unarudiarudia kipande kimoja? Ulikuwa unafanya nini hasa pale ilipokwama: unanakili faili, unafungua ukurasa wa intaneti, umechomeka chaja sasa hivi? Chukua kalamu uandike. Maelezo hayo ya mistari mitatu yatakuokolea fedha nyingi kuliko kofi lolote.

Hatua ya 2: Mjue aliyeganda

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kibodi na kipanya vikiuzwa pamoja kwenye boksi moja, kwa kawaida hutumia risiva moja. Risiva ikipoteza mawasiliano, vyote viwili vinakufa kwa wakati mmoja. Unayetazama unaona herufi hazitoki na kishale hakiendi, unatangaza kwamba kompyuta imeganda, unashikilia kitufe cha kuzimia na kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Kumbe kompyuta ilikuwa nzima, inasubiri amri ambayo haikufika.

Basi kabla ya kuizima, gusa padi ya kompyuta yenyewe na kibodi yake ya ndani. Majibu yako ni matatu tu.

Kama padi na kibodi ya ndani vinafanya kazi lakini kibodi isiyo na waya iko kimya, kompyuta haina kosa. Nenda hatua ya 3, ya 4 na ya 5.

Kama kishale kinasonga lakini herufi hazitoki kwenye kibodi yoyote, kuna programu moja iliyokwama, au kuna mpangilio uliowashwa bila wewe kujua. Soma hatua ya 5, kisha ya 6.

Kama hakuna kinachosonga, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi ya ndani na uitazame taa yake. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mfumo bado uko hai, uongezee muda. Isipobadilika kabisa, kompyuta imeganda kwelikweli, na hatua ya 6 inakuhusu.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili ya kubadilishana. Azima kibodi ya waya kwa jirani, uitumie kwenye kompyuta yako kwa siku nzima. Kisha peleka kibodi yako kwenye kompyuta yake, pamoja na risiva yake. Hilo la risiva nalisisitiza, kwa maana kibodi nyingi huunganishwa na risiva yao kiwandani, na ukiijaribu kibodi yako kwa risiva ya mtu mwingine utahukumu kifaa kizima kuwa kibovu. Tatizo likihama pamoja na kibodi, mkosaji ni kibodi au risiva. Likibaki kwenye kompyuta, mkosaji ni kompyuta. Hilo limekwisha, na hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 3: Betri, hata kama ulizibadilisha juzi

Betri ndogo ya alkali ikiwa mpya hutoa volti 1.5, kisha hushuka polepole kadiri inavyotumika. Kibodi inahitaji umeme mwingi zaidi pale inaporusha ujumbe wa herufi kwenda kwenye risiva. Ndiyo maana betri iliyochoka inaweza kuwasha taa ya kibodi vizuri kabisa na bado herufi zikapotea njiani. Dalili yake nyingine ni herufi moja kujirudia yenyewe mstari mzima. Ujumbe wa kwamba umebonyeza ulifika, ule wa kwamba umeachia haukufika, na kompyuta inaamini kidole chako kingali palepale.

Wapo wanaozing'ata betri, na wapo wanaozianika juani. Jua huamsha kidogo kemia iliyobaki ndani ya zile betri za bei ya chini za redio na tochi, ndiyo maana baba zetu walisikiliza taarifa ya habari ya jioni kwa betri zilizoanikwa mchana. Lakini jua haliongezi nishati mpya, na joto huharakisha betri kuvuja. Meno hayaongezi chochote. Nunua mpya.

Ukinunua, badilisha zote kwa pamoja. Betri mpya ikifungwa na kuukuu, ile kuukuu huishiwa mapema na kuweza kuvuja. Kama unatumia za kuchaji, ujue kwamba volti yake ya kawaida ni 1.2, kwa hiyo baadhi ya kibodi zitakuonya kwamba betri imekwisha wakati haijakwisha. Fungua kifuniko utazame na vile vibati vinavyoshika betri. Ukiona ungaunga mweupe au kijani, betri ilivuja. Ondoa betri, chovya pamba kwenye siki au maji ya limau, usugue taratibu, ukaushe vizuri, kisha rudisha. Mwisho, geuza kibodi uangalie swichi yake ya chini. Kibodi zinazobebwa mikobani hujizima kwa kusuguliwa na vitabu.

Hatua ya 4: Risiva na kelele za majirani

Kibodi isiyo na waya ni redio ndogo. Aina nyingi hurusha ujumbe kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo katika nchi nyingi hayahitaji leseni. Kwa sababu ni ya bure, wote wamejazana humo: Wi-Fi, Bluetooth, spika zisizo na waya, hata oveni ya maikrowevu inayopasha chakula kwa karibu 2.45 GHz. Ni ukumbi wa harusi ambamo kila mgeni anazungumza na wa pembeni yake kwa wakati mmoja. Kibodi yako ndiyo inayonong'ona humo ndani, kwa sababu imetengenezwa kutumia umeme kidogo ili betri zidumu.

Shida ya mawimbi kuzibana haikuanza na kibodi. Mwaka 1942 mwigizaji wa Hollywood Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani kwa mbinu ya kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka kutoka masafa haya kwenda yale, ili adui asiweze kuizuia. Walipendekeza masafa 88, idadi ileile ya vitufe vya piano. Bluetooth ya kawaida inafanya kazi kwa wazo la namna hiyo, ikiruka hadi mara 1,600 kwa sekunde kati ya mikondo 79. Kwa hiyo vifaa hivi vina akili ya kukwepa kelele. Kinachovishinda ni kelele iliyoenea kila mahali, inayotoka sentimita mbili kutoka kwenye risiva.

Hapo ndipo kikulacho ki nguoni mwako. Angalia matundu ya USB ya kompyuta yako. Yale yenye ulimi wa bluu kwa kawaida ni ya USB 3, yanayopitisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha ripoti ikieleza kwamba kelele ya umeme inayozalishwa na USB 3 huangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz na kuvisumbua vifaa visivyo na waya vilivyo karibu. Wewe nawe umechomeka diski ya nje kwenye tundu la bluu na risiva kwenye tundu lililo pembeni yake. Kila ukianza kunakili sinema, kibodi inanyamaza. Ukimaliza, inafufuka. Usiite mganga.

Tiba ni kuitenga risiva. Ihamishie upande wa pili wa kompyuta, au kwenye tundu jeusi. Tiba bora zaidi ni waya wa kurefushia USB, wa nusu mita au mita moja, unaoileta risiva juu ya meza mbele ya kibodi, mbali na diski na nyaya nyingine. Waya huo unauzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kibodi mpya, na unatosha kumaliza kesi nyingi za aina hii. Kama ulichomeka risiva kwenye kigawanyi cha USB chenye matundu manne na flashi tatu, ichomoe uiweke kwenye kompyuta moja kwa moja.

Mshukiwa wa pili ni simu yako. Wengi wetu tunapata intaneti kwa kuwasha hotspoti ya simu, na simu hiyo tunailaza ubavuni mwa kompyuta, juu kabisa ya risiva. Isogeze urefu wa mkono. Kama simu na kompyuta vyote vinaweza, badilisha hotspoti itumie 5 GHz, ukaiachie kibodi nafasi yake. Nyumbani kwenye ruta fanya vivyo hivyo. Kama ruta ni ya 2.4 GHz peke yake, chagua mkondo wa 1, 6 au 11, maana hiyo ndiyo mitatu inayotumika kwa kawaida bila kuingiliana, na uchague ule ambao majirani wa ghorofa yako hawajaujaza. Meza ya chuma nayo huzuia mawimbi, kwa hiyo usiifiche risiva nyuma ya kompyuta iliyokaa juu ya bati.

Hatua ya 5: Mipangilio iliyojiwasha

Kuna kuganda ambako kibodi imeamriwa kuganda. Shikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, na Windows itakuuliza kama unataka kuwasha Filter Keys. Ukiitikia Enter bila kusoma, kuanzia hapo kompyuta itapuuza kila unachobonyeza kwa haraka. Herufi haitoki mpaka uishikilie. Huduma hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka, na kwao ni msaada mkubwa. Kwa aliyeegemeza kiwiko kwenye Shift huku akiongea na simu, inaonekana kuwa kibodi imekufa. Ingia kwenye Settings, fungua Accessibility, kisha Keyboard, uzime Filter Keys. Zima na Sticky Keys, inayowaka ukibonyeza Shift mara tano mfululizo.

Jambo la pili ni kubana umeme. Ili betri idumu, Windows inaruhusiwa kulikatia umeme tundu la USB lisilotumika. Likichelewa kuamka, risiva nayo inachelewa, na unaporudi kutoka kunywa maji unakuta kibodi haijibu. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Device Manager, fungua orodha ya Universal Serial Bus controllers, bofya kila USB Root Hub, na kwenye Power Management ondoa alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Usiichanganye hali hii na usingizi wa kawaida. Kibodi nyingi hulala zenyewe baada ya muda ili kutunza betri, na kubonyeza mara ya kwanza ni kuziamsha tu. Herufi moja ikipotea kila baada ya mapumziko, hakuna ubovu wowote.

Hatua ya 6: Kompyuta yenyewe imeganda

Sasa Caps Lock haijibu na kishale kimelala, au programu moja imekwama. Ipo ngazi ya kupanda, kutoka laini kwenda kali, na kila kidato kipewe nusu dakika.

Kidato cha kwanza ni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, chagua programu iliyoandikwa kwamba haijibu, uifunge hiyo peke yake.

Cha pili ni kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itamemeta, kwa sababu umeiamuru draiva ya picha ijianzishe upya. Wakati mwingine kilichoganda ni picha tu, na kompyuta nyuma yake inaendelea na kazi. Programu zako zinabaki wazi.

Cha tatu ni Ctrl, Alt na Delete. Mchanganyiko huu ulibuniwa na mhandisi wa IBM, David Bradley, kwa ajili ya kompyuta iliyozinduliwa Agosti 1981, na vitufe vilichaguliwa vikiwa mbalimbali ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Siku hizi huleta ukurasa wenye njia ya kufungua Task Manager, kutoka, au kuwasha upya kwa utaratibu.

Cha nne, na cha mwisho, ni kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi. Kimewekwa mwisho kwa sababu kazi ambayo hukuihifadhi inakwenda, na diski iliyokuwa katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili. Anayeanzia hapa kila mara anajitengenezea tatizo la pili.

Na mtu akikwambia ameizima na kuiwasha mara tatu bila mafanikio, muulize ameizima vipi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zina kitu kinachoitwa Fast Startup. Ukichagua Shut down, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyo ukiwasha, pamoja na kasoro zake. Ukichagua Restart, kila kitu huanza upya. Kwa kompyuta inayoganda, tumia Restart.

Hatua ya 7: Tafuta sababu, usiridhike na kuamka kwake

Kompyuta iliyozinduka haijapona. Washukiwa wakubwa ni wanne.

Wa kwanza ni joto. Kompyuta inayoganda baada ya nusu saa, tumbo lina moto na feni inavuma, imezidiwa na joto. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na zikizidiwa hujizima. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, chumba chenyewe kinapita nyuzi 30 kabla kompyuta haijawashwa, halafu unailaza kwenye godoro na matundu yake ya hewa yamezibwa na shuka. Iweke juu ya meza tupu, ielekezee feni ya chumba, ufanye kazi ileile iliyoigandisha. Isipoganda, jibu umelipata: iondoe kitandani, na umpe fundi asafishe vumbi na kubadilisha ile pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Usiyapulize matundu kwa mdomo, unapeleka mate ndani.

Wa pili ni RAM na diski. Fungua Task Manager kabla haijaganda, uiache wazi pembeni, utazame namba wakati inaanza kuwa nzito. Memory ikipita asilimia 90, umefungua mengi kuliko inavyobeba. Kompyuta ya RAM ya gigabaiti 4 haiwezi kushika kurasa thelathini za intaneti, mkutano wa video na Excel kwa pamoja. Funga usivyotumia, na ukipata fedha ongeza RAM. Kama ni Disk inayokaa kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi, na kompyuta yako bado ina diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, basi kuweka SSD ndiyo fedha yenye faida kubwa kuliko nyingine yoyote utakayoitumia kwenye mashine hiyo.

Lakini diski inayogonga, au inayoganda kila unapofungua folda fulani, huenda inakufa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma taarifa za afya ambazo diski huzitunza yenyewe. Ikikuandikia Caution au Bad, acha kila kitu na unakili faili zako mahali pengine siku hiyohiyo, kabla ya kujaribu matengenezo yoyote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye diski iliyokufa ukuta haujengeki.

Wa tatu ni umeme. Ichomoe chaja, tumia betri peke yake. Kuganda kukiisha, au kishale kilichokuwa kinarukaruka kikitulia, mtuhumiwa ni chaja, hasa zile za bei ya kutupa zinazouzwa bila jina la mtengenezaji. Angalia na mwili wa kompyuta: padi ikiwa imeinuka, au vitufe vya katikati vimejaa kwa juu, betri imevimba. Hapo izime, usiichaji, usiikandamize, usiitoboe. Betri ya lithiamu huwaka moto. Mpelekee fundi leo.

Wa nne ni programu. Antivirusi mbili kwenye kompyuta moja hugombana na kuimaliza nguvu. Programu za kukraki huja na wageni wanaoitumikisha prosesa yako usiku kucha kwa faida yao. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, na utaona kalenda ya kila kilichoanguka na kila kilichosakinishwa. Siku ya kwanza ya kuganda ikifuata siku ulipoweka programu fulani au draiva mpya, iondoe. Kwa upande wa RAM yenyewe, andika mdsched na Windows itaipima ikiwasha upya. Na kama bado uko kwenye Windows 10, ujue kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhamia Windows 11, au Linux kama mashine haikidhi masharti.

Hatua ya 8: Kwa fundi, sema kweli

Mficha uchi hazai. Chai ilimwagika, sema ilimwagika, na useme kama ilikuwa na sukari. Ilianguka kutoka mezani, sema. Fundi anayedanganywa anaanza kutafuta mahali pasipo na tatizo, na muda huo unaulipia wewe. Mpe yale maandishi yako ya hatua ya 1: "Habari za kazi, fundi. Inaganda ikiwa kwenye chaja tu. Nimejaribu chaja ya jirani, haikuganda." Kwa sentensi hizo umemaliza nusu ya kazi yake.

Ukiingia dukani na fundi, kabla hajauliza lolote, akakwambia ipigwe Windows upya, mshukuru uondoke. Kupiga Windows kunatibu Windows iliyoharibika. Hakutibu diski inayokufa, feni iliyojaa vumbi, wala betri ya kibodi, na kukifanywa bila kunakili faili kunafuta kila ulicho nacho. Fundi mzuri huuliza inaganda lini, huipima mbele yako, hukupa bei kabla ya kufungua, na hukurudishia kifaa cha zamani alichokitoa. Mafundi wa namna hiyo tunao, Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Luthuli jijini Nairobi na kwenye vibanda vya mitaani kwetu. Wanastahili kulipwa vizuri bila kupunjwa.

Neno la mwisho

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha betri, tundu, draiva na chaja kwa mkupuo mmoja, hata akipona hajui kilichomponya, na tatizo likirudi ataanza moja. Anza na visivyo na gharama, malizia na vya gharama. Na leo, kabla hujagusa chochote kilichoandikwa humu, nakili faili zako kwenye diski ya nje au mtandaoni. Kibodi inanunulika, kompyuta inanunulika. Tasnifu, hesabu za duka na picha za wazazi waliotangulia mbele ya haki hazina duka linaloziuza.